Muulize Mzee wa Hadubini: Taa ya Kuonea Ndani ya Panya

Picha ya panya wa kijani, wale waliopewa jeni ya kung'aa, tuliyoichapa toleo lililopita imechokoza nyuki. Barua zimejaa mfuko mzima, na nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mwenye barua yuko mbioni kupanda ndege, na kwa sababu kosa analotaka kulifanya nililifanya mimi mwenyewe nikiwa mkubwa kuliko yeye. Wengine mnivumilie.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, naishi Tengeru. Nimepata nafasi ya miezi mitano kwenye maabara moja ya Ulaya. Nitapandikiza seli za saratani kwenye ini la panya, halafu nizifuatilie kwa kamera wiki hadi wiki panya akiwa hai, bila kumpasua. Wenyeji wangu wamenitumia orodha ya plasmidi (vipande vya DNA vya kubebea jeni) za protini zinazong'aa zilizoko kwenye friza yao: EGFP, tdTomato, mCherry, Katushka na iRFP713. Wanataka nichague moja kabla sijafika. Nimeangalia jedwali la ukali wa mwanga: tdTomato ina 95, EGFP 34, Katushka 22, mCherry 16, na iRFP713 ina 6 tu. Mwenzangu anasema hapo hakuna cha kufikiria, chukua tdTomato. Mimi nasita. Kama hiyo ya 6 ni dhaifu kiasi hicho, kwa nini bado inatunzwa kwenye friza ya watu wenye akili zao?
*Mwanafunzi, Tengeru*

Marahaba, mwanangu. Endelea kusita hivyo hivyo.

Mwenzako amesoma jedwali sawasawa. Namba zile hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: protini inameza mwanga kiasi gani, na katika kila mia iliyomeza inarudisha ngapi. tdTomato humeza 138,000 kwa kipimo cha wakemia na kurudisha 69 kwa mia. Zidisha, gawa kwa elfu, unapata 95 yako. iRFP713 nayo humeza vizuri tu, kama 105,000, lakini hurudisha karibu 6 kwa mia, na hapo ndipo inapoaibika. Jedwali halikudanganya. Ila vipimo vile vilichukuliwa protini ikiwa ndani ya maji safi, kwenye kijichupa cha kioo. Panya wako ana manyoya, ana ngozi, ana mafuta, na ini lake ni kama sifongo iliyolowa damu.

Juzi nilinunua vitochi viwili vya leza kwa wamachinga wa karibu na stendi ya Moshi, chekundu na cha kijani. Kibandiko cha chekundu kinasema 650, cha kijani 532. Hizo ni nanomita, urefu wa wimbi la mwanga. Nikapitia buchani Mbuyuni nikaomba robo ya steki, nikamwomba muuzaji aikate vipande vyembamba, kama sentimita moja. Akaniuliza kama nina wageni. Usiku umeme ukakatika, kwa hiyo hata taa hatukuhangaika kuzima. Nikamulika ukutani kwanza. Kijani kilikuwa kikali mpaka mke wangu akageuza uso, na si ajabu, maana kwa nguvu ileile jicho la mtu huiona 532 mara nane hivi kuliko 650. Kisha nikaegemeza kipande cha steki kwenye glasi, nikamulika kwa nyuma.

Kijani kikafia mlemle. Upande wa tochi kulikuwa na doa kali, upande wangu giza. Kile chekundu, kile kinyonge cha ukutani, kikapenya, na kipande kizima kikaiva rangi kama kaa linalopulizwa. Mke wangu akauliza kama nyama hiyo bado ni ya kula. Ilikuwa ya kula, na tuliila kesho yake. (Usimmulike mtu wala mnyama machoni. Vile vya kijani vya mitaani mara nyingi vina nguvu kuliko kibandiko kinavyokiri.) Kama robo ya steki ni gharama, funika tochi ya simu kwa kidole gizani. Tochi ni nyeupe, ina rangi zote, lakini inayofika upande wa pili ni nyekundu peke yake.

Anayekula kijani ni himoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Ikiwa imebeba oksijeni ina vilele viwili vya ulafi, karibu na nanomita 542 na 577. Ukivuka 600 ulafi unaporomoka: mwanga wa 577 hunyonywa zaidi ya mara mia moja kuliko wa 690. Sasa itazame tdTomato ya mwenzako. Inawashwa vizuri zaidi kwa mwanga wa 554 na kutoa wa 581. Imejenga nyumba katikati ya kizuizi cha ushuru. Mwanga unaokwenda kuiwasha unatozwa ukiingia, na ule inaoutoa unatozwa tena ukitoka. Unaweza kuanza safari na 95 ukafika juu ya ngozi mikono mitupu.

Wengine kwenye orodha yako nitawapitia haraka. EGFP, ile ya kijani, huwashwa kwa 488 na kutoa 507, nayo iko pabaya pande zote, na ina adui wa pili nitakayemfikia. mCherry, 587 na 610, ina mguu mmoja ndani na mwingine nje. Katushka, iliyotokana na mnyama wa baharini anayefanana na ua, inatoa 635 ambayo ni njia nzuri ya kutokea, lakini ya kuingilia ni 588, bado getini. iRFP713 inawashwa kwa 690 na kutoa 713. Kwenda na kurudi, njia nyeupe. Ndiyo maana watu wenye akili zao wameitunza.

Usisukume mbali zaidi ukidhani kila unavyoenda ndivyo kunavyozidi kunoga. Baada ya 900 hivi, maji ya mwilini nayo yanaanza kunyonya. Dirisha lenyewe ni kama 650 hadi 900. Na hata humo, usitarajie kuona seli moja moja. Mwili hauishii kunyonya mwanga, unautawanya pia, kama ukungu wa asubuhi kule juu Marangu unavyozitawanya taa za gari: unajua gari linakuja, hujui ni Noah au Coaster. Utaona doa kwenye ini, na utaona doa linakua. Kwa kazi uliyonieleza, hilo linatosha.

Sasa kosa langu. Zamani nilikuwa fundi wa kamera na wanyama katika maabara moja ughaibuni, siitaji. Tulikuwa na EGFP kwenye friza, ya bure, na tuliichagua kwa sababu hiyo ya bure. Kamera ilikuwa na chujio la kuruhusu kila mwanga uliozidi 510 kidogo. Wiki ya tatu tukamlaza panya, tukamulika kwa bluu, tumbo likawaka. Mmoja akakimbilia kununua keki. Mimi nikaachiwa kazi ya mwisho ambayo hakuna aliyeitaka, kumpiga picha panya wa kulinganishia, yule asiyepandikizwa chochote. Naye tumbo lilikuwa linawaka, tena akimzidi mwenzake kidogo. Tulikuwa tumepiga picha ya ngozi, manyoya na chakula cha mchana. Keki ililiwa kimya kimya.

Huyo ndiye adui wa pili. Ukimulika kiumbe chochote kwa bluu, vitu vyake mwenyewe vinang'aa kijani: nyuzi za ngozi, vitamini za jamii ya B2, nywele. EGFP inabidi ipige kelele sokoni siku ya gulio. Chakula nacho kilituumbua kwa njia nyingine. Vidonge vingi vya kulishia panya huchanganywa na lusini, yale majani ambayo wengine huyaita alfalfa, na majani yana umbijani, yaani klorofili.

Umbijani unang'aa, tena wekundu. Ponda kiganja cha mchicha, loweka kwenye spiriti nyeupe ya duka la dawa kwa dakika kumi, chuja kwa kitambaa. Utapata maji ya kijani kama juisi ya parachichi iliyozidishwa maji. Ingia chumba cha giza, mulika kwa kile kitochi cha zambarau ambacho wauza duka wanakagulia noti bandia. Kijani kinapotea. Kwenye glasi unabaki na kitu chekundu kama damu. Nimewaonyesha wajukuu mara tatu na bado wanaomba tena.

Nakueleza haya kwa sababu wekundu huo wa majani huanzia karibu na 670 na kuvuka 700, yaani unakaa mlango mmoja na iRFP713. Ukibadilisha protini ukamwachia panya lusini, utapata tumbo linalowaka kama letu, tena kwa gharama kubwa zaidi. Waandikie wenyeji wako leo, uwaambie panya wako wahamishiwe chakula kisicho na majani angalau wiki nzima kabla ya picha ya kwanza, na wabaki hukohuko hadi mwisho. Uliza pia rangi ya panya. Mweusi ana weusi wa ngozi na nywele unaonyonya mwanga, na hata mweupe lazima anyolewe mahali pa picha, kwa sababu manyoya meupe yanatawanya. Na kila siku ya picha, awepo panya mtupu pembeni, mwenye umri ule ule na chakula kile kile. Huyo usimwonee uvivu. Ndiye aliyetuokoa tusichapishe tumbo.

iRFP713 ina tabia moja usiyoizoea. GFP, ile protini ya kijani iliyozaa EGFP, na jamaa zake wa baharini hujitengenezea kiini cha rangi wenyewe ndani ya protini, wakishapata oksijeni. (Ndiyo maana ukitumia hao, katikati ya uvimbe mkubwa, mahali oksijeni haifiki, panaweza kuwa giza na seli bado ni hai.) iRFP713 haina asili ya baharini. Ilichongwa kutoka kwenye protini ya bakteria anayeitwa Rhodopseudomonas palustris, na rangi yake huiazima mwilini. Kitu inachokiazima kinaitwa biliverdini, mabaki ya himoglobini iliyovunjwa. Umewahi kukiona. Mtu akipigwa ngumi ya jicho, baada ya siku kadhaa ule weusi unageuka kijani kabla ya kuwa njano. Kijani kile ndicho biliverdini.

Protini za namna hii zilipoanza, ile iliyoitwa IFP1.4, iliyotoka mwaka 2009 kwenye maabara ya Mmarekani Roger Tsien, ilihitaji panya adungwe biliverdini ya nyongeza ndipo ing'ae vizuri. iRFP ilifuata mwaka 2011, na hiyo hushika biliverdini kwa nguvu kiasi kwamba ile ya mwilini inatosha. Bahati yako ini halina shida ya bidhaa hiyo. Hata hivyo seli za aina tofauti hutengeneza viwango tofauti, kwa hiyo zipime seli zako kwenye sahani kwanza kabla hazijaingia kwa panya.

Na utakapozipima, usichungulie kwa jicho. Jicho la mtu kwa 713 ni kama kipofu. Fundi mwenzangu aliwahi kuingiza jeni hiyo kwenye seli, akachungulia kwenye hadubini, akaona giza, akamwaga chupa nzima kwenye sinki yenye dawa. Zilikuwa zinang'aa vizuri sana. Kamera ndiyo ingemwambia.

Kabla hujajibu barua yao, waulize jambo ambalo lingeweza kubadilisha jibu langu: taa ya kamera yao ina rangi zipi, na machujio yapi? Kama wana mwanga wa karibu 680 na chujio la kuanzia 710 au 720, chukua iRFP713 bila wasiwasi. Kama mwanga wao wa mwisho ni 640, iRFP713 itawaka lakini kwa kusuasua. Hapo uliza kama wana iRFP670, ambayo hupenda 643 na kutoa 670, ingawa hiyo iko jirani zaidi na mchicha, kwa hiyo suala la chakula linakuwa la kufa na kupona. Kama hawana kabisa taa nyekundu na wanamulika kwa kijani na chungwa tu, Katushka ndiyo inayobaki, na uandae moyo kwa picha hafifu. Protini nzuri isiyo na taa ya kuiwasha ni sawa na jiko la gesi bila mtungi.

Utasikia pia mtu akikuonya kwamba iRFP713 hutembea mbili mbili, kwamba molekuli zake hushikana. Ni kweli, hata Katushka iko hivyo. Kama ungeiunganisha na protini nyingine ili uone inakwenda wapi ndani ya seli, ingekuharibia, na ungetafuta zile za miRFP za mwaka 2016 zinazokaa peke yake. Wewe unataka seli nzima iwake. Acha zishikane.

tdTomato usiitukane. Siku ya mwisho panya akishatolewa ini na ini kukatwa vipande vyembamba chini ya hadubini, hakuna damu ya kupenya, na 95 inakuwa 95 kweli. Vilevile wako watu wanaofungua kidirisha cha kioo juu ya kiungo na kutumia leza ya fotoni mbili. Kwao EGFP na tdTomato ni lulu, kwa sababu wanaziwasha kwa mwanga wa mbali kabisa kwenye wekundu na hawaendi chini zaidi ya milimita moja hivi. Anayefanya kazi na minyoo au vifaranga vya samaki wanaopitisha mwanga kama kioo, naye hana haja na porojo zangu zote hizi. Lakini wewe umeniandikia ini, ngozi juu yake, na wiki hadi wiki.

Chukua iRFP713. Kama nafasi kwenye plasmidi inaruhusu, waombe waweke na jeni ya mwanga wa kimulimuli pembeni yake. Sababu iko kwenye barua inayofuata.

Habari za kazi mzee. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamenibana. Wanauliza kwa nini wataalamu wahangaike na taa na protini za baharini, wakati huku kwetu mvua zikianza vimulimuli wanajiwakia wenyewe bila kumulikwa na mtu?
*Mwalimu wa Biolojia, Marangu*

Njema, mwalimu. Waambie wamewaza kama watafiti, na watafiti waliwahi kabla yao. Jeni ya kimeng'enyo cha kimulimuli wa Marekani, Photinus pyralis, ilinakiliwa mwaka 1985, na leo ni kifaa cha kila siku kwenye maabara za panya. Vimulimuli wenu ni wa familia hiyo hiyo.

Tofauti ni hii. Protini inayong'aa ni kama kioo cha nyuma cha baiskeli, bila taa ya gari hakuna kitu. Kimulimuli ana kibatari chake. Kimeng'enyo, lusiferasi, kinachoma kemikali iitwayo lusiferini kwa kutumia oksijeni na ATP, ile nishati ya seli, na mwanga unatoka. Kwa kuwa hakuna taa ya kumulika, ngozi haing'ai, manyoya hayang'ai, na mchicha tumboni umelala. Panya anawekwa kwenye sanduku jeusi lisilopitisha hata ufa wa mwanga, na kila chembe ya mwanga inayoifikia kamera imetoka kwenye seli zako. Usafi huo protini zinazong'aa haziufikii. Tena kwenye joto la mwili, nyuzi 37, mwanga wa kimeng'enyo hicho husogea kutoka njano-kijani kuelekea wekundu, karibu na 610, ambao ni nafuu kupita kwenye damu.

Bei yake ni kwamba lusiferini haimo mwilini mwa panya. Lazima umdunge kila siku ya picha, kwa kawaida miligramu 150 kwa kila kilo ya uzito wake, halafu usubiri dakika kumi na kitu, na usubiri muda ule ule kila mara, maana mwanga hupanda na kushuka. Leo ukipiga picha dakika ya nane na wiki ijayo dakika ya ishirini, utaandika kwamba uvimbe umebadilika, kumbe kilichobadilika ni saa yako. Mwanga wenyewe ni hafifu sana, kamera inaweza kukaa wazi dakika nzima au zaidi. Na seli ikifa inazimika, kwa sababu ATP imekwisha, jambo ambalo kwa anayepima dawa ya saratani ni zawadi.

Ndiyo maana nimemwambia kijana wa Tengeru abebe vyote viwili: kibatari cha kuhesabia, na iRFP ya kuangalia siku ambazo hataki kumchoma panya sindano.

Wanafunzi wako wakitaka jaribio, wakamate vimulimuli wawili, mmoja wamweke kwenye chupa iliyozungukwa na barafu kwa dakika chache, mwingine abaki na joto la chumba. Walinganishe mwako wao. Halafu wawaachie waende zao.

Shikamoo babu. Mimi nachimba Mererani. Usiku nilimulika nge kwa kitochi cha noti, akawa kijani-bluu mwili mzima, anatisha. Je, ni protini ile ile ya panya wako? Naweza kumuuzia mtu wa maabara?
*Kijana wa Mererani*

Marahaba mjukuu. Si hiyo. Mng'ao wa nge hauna uhusiano wowote na GFP. Unatokana na kemikali ndogo zilizo kwenye gamba lake gumu, mojawapo ya jamii ya betakabolini, nyingine ya jamii ya kumarini. Utajua kwa njia rahisi: nge aliyejivua gamba usiku huo huo haonekani chini ya kitochi, mpaka gamba jipya ligangamale. Na nge aliyekufa, hata akakaa mkavu kwenye sanduku, bado anang'aa. Kwa sababu hiyo hiyo hafai kwa kazi ya ndani ya mnyama hai. Huwezi kuchukua jeni moja kutoka kwake ukaipa seli ya ini ikatengeneza kitu kile, kwa maana si protini moja iliyoandikwa kwenye jeni moja. Uzuri wote wa GFP ni huo, jeni moja tu na kila kitu kinajipanga.

Biashara hakuna. Kitochi chako kina faida nyingine. Kabla ya kuvaa buti alfajiri, mulika ndani.

Mzee, mwanangu wa darasa la tano ameona picha ya panya wa kijani kwenye gazeti lenu akalia. Anasema wamemtia sumu. Nimwambie nini?
*Mama, Njiro*

Pole kwake, mama, na umpongeze kwa kumwonea huruma panya. Wengi wetu tuliokaa nao miaka huanza kusahau.

Mwambie hawakumtia rangi wala sumu. Panya wa namna ile walizaliwa hivyo, kwa mara ya kwanza katika maabara ya Osaka, Japani, na habari zao zikachapishwa mwaka 1997. Walipewa jeni ya GFP wakiwa yai moja, ikaenda nayo kila mahali. Wanakula, wanakimbia na wanazaa kama wenzao. Na hawang'ai gizani kama anavyodhani. Ni lazima wamulikwe kwa bluu na anayewatazama awe na chujio. Taa ya bluu ikizimwa, mng'ao nao unakwisha.

Jeni yenyewe ilitoka kwa yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli. Mjapani Osamu Shimomura ndiye aliyeikuta protini hiyo, akaiandika mwaka 1962. Alikuwa anatafuta kitu kingine, protini inayotoa mwanga wa bluu, na kwa ajili hiyo kiangazi cha kwanza tu, kule Friday Harbor pwani ya Marekani, yeye na wenzake walivua yavuyavu kama 10,000. Miaka iliyofuata mkewe na watoto walikuwa wakivua naye kwa nyavu za mkono. Watoto hupenda sehemu hiyo.

Kama ni wa kuuliza maswali mengi, mpe na hii, ingawa itamliza tena. Aliyenakili jeni hiyo ni Douglas Prasher, mwaka 1992. Fedha za utafiti zilimwishia, akawagawia wenzake jeni bure. Martin Chalfie akaitia kwenye bakteria na minyoo mwaka 1994, Roger Tsien akaitengenezea rangi na ukali, na mwaka 2008 wawili hao pamoja na Shimomura wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Tuzo moja haigawanywi kwa zaidi ya watu watatu. Prasher wakati huo alikuwa anaendesha gari la kuwabeba wateja wa duka la magari huko Alabama. Chalfie na Tsien walimlipia yeye na mkewe nauli ya kwenda Stockholm kwenye sherehe. Mimi nimekuwa fundi wa kushika panya wa watu wengine karibu maisha yangu yote, kwa hiyo hadithi hiyo nina upande wangu, na sitajifanya sina.

Halafu mwombe mwanao aitazame picha tena, aangalie kama panya wana nywele. Katika mwili mzima, nywele na chembe nyekundu za damu ndivyo pekee ambavyo havikuwa kijani. Aliyeipiga picha ile alichagua watoto wa panya kwa sababu hiyo: walikuwa hawajaota manyoya.